Mashine Itafanya Kazi, Nani Atapumzika?

Liko swali moja ambalo siku hizi halikosekani penye watu wawili watatu waliokaa pamoja, iwe kijiweni Soweto mjini Moshi, iwe ndani ya gari la abiria linalopanda Kibosho, iwe katika ofisi za wakubwa. Swali lenyewe ni hili: je, mashine zinazojiendesha zenyewe, pamoja na hii akili mnemba inayozungumzwa kila kukicha, zitamwondolea binadamu adha ya kazi, au zitamwondolea kazi na kumwachia adha?

Wapo wanaosema neema inakuja. Mashine italima, itavuna, itaandika barua na kupiga mahesabu, na mwanadamu atakaa kivulini. Wapo wanaosema balaa inakuja, kwamba kijana wa Soweto ambaye hata leo anatafuta kibarua kwa tochi, kesho hatakipata hata kwa taa ya umeme. Mimi si mtabiri, na katika kipindi cha leo sitatabiri. Ninalotaka ni kwamba turudi nyuma, kwa sababu swali hili si la leo wala la jana. Na ajabu yake ni kwamba historia yake haianzii kiwandani. Inaanzia angani, kwenye nyota.

Ndugu msikilizaji, chombo cha kwanza cha kumpunguzia mtu kazi hakikuwa cha chuma. Kilikuwa ni kujua majira. Mkulima asiyejua mvua inakuja lini hulima mara mbili, hupanda mara mbili, na mara nyingine huvuna mara sifuri. Yule anayejua hupanda mara moja. Kwa hiyo mtu wa kale aliyekaa usiku akitazama juu na kukumbuka alichokiona mwaka uliopita, alikuwa akifanya kazi ambayo ingeokoa jasho la kijiji kizima.

Wazee wetu walifanya hivyo. Kiswahili kinacho kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia, nyota ndogo zilizosongamana ambazo mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Jina hilo limetokana na kulima. Na si la kwetu peke yetu. Ukienda hadi Afrika Kusini, Wazulu na Waxhosa huziita nyota hizo hizo isiLimela, na shina la neno ni lile lile la kulima. Maana yake ni kwamba wakulima wa Kibantu, walipotawanyika katika bara hili, walikwenda na majembe yao, mbegu zao, na kalenda yao ya angani.

Wahenga wa pwani walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo si usemi wa kupamba mazungumzo, ni elimu. Kuelekea mwezi wa Mei, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua, na kwa wiki kadhaa hakionekani kabisa, maana kipo upande ule ule wa jua. Wakati huo sisi tumo katika masika. Mwezi wa Juni hujitokeza tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, na hapo masika yamekwisha, baridi imeingia. Kinapofika Novemba huanza kuchomoza jioni, nasi tumo katika vuli. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuusoma mwaka mzima bila kununua kalenda.

Pwani walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355, na kwa hiyo hauendi sambamba na mvua. Ramadhani huweza kuangukia masika, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia kiangazi. Waswahili hawakuiacha kalenda ya dini, lakini waliweka pembeni yake kalenda ya pili ya kilimo na safari, yenye siku 365, iliyoanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, jina lenye asili ya Uajemi. Siku zake zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi iliitwa mwongo. Nahodha alijua ni mwongo gani upepo wa kaskazi humleta mgeni kutoka Arabuni, na ni wakati gani kusi humrudisha kwao. Hadi leo kule Makunduchi, Unguja, watu hukusanyika kila mwezi wa Julai kuadhimisha Mwaka Kogwa, mabaki ya hesabu hiyo.

Hata saa yetu ni ya angani. Mgeni akija Moshi hushangaa kusikia saa moja asubuhi badala ya saa saba. Lakini sisi hapa tuko takriban nyuzi tatu na kidogo tu kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki hata nusu saa. Katika nchi ya namna hiyo, kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza ni jambo la akili. Mzungu anayehesabu kuanzia usiku wa manane, kwake jua halina msimamo.

Na tukitaka kurudi nyuma zaidi, twende mashariki ya Kongo. Mwaka 1950, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina alama 48. Mmarekani Alexander Marshack alitoa rai kwamba mchongaji alikuwa akihesabu siku za mwezi. Wataalamu wengine hawakubali, na ubishi wao haujaisha. Ila hakuna anayebisha kwamba mtu fulani, kando ya ziwa letu hili, alikuwa akichonga alama kabla ya kuwako Misri ya mafarao.

Sasa tukitaja Misri ndipo tunapoifikia shida. Makuhani wa Misri waligundua kwamba nyota ing'aayo kuliko zote, ile wanayoiita Sirius, ilipojitokeza alfajiri baada ya kupotea kwa muda, mto Nile ulikuwa karibu kufurika. Wakawa na mwaka wa siku 365, wakaugawa usiku katika sehemu 12 na mchana katika sehemu 12. Lakini makuhani hao walikula nini wakati wakizitazama nyota? Walikula ngano ya mkulima. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba elimu ya hesabu ilianzia Misri kwa sababu kule tabaka la makuhani liliruhusiwa kuwa na wasaa. Hiyo ni kauli ya kutafakari. Elimu ya majira iliongeza mavuno, mavuno yakazaa wasaa, lakini wasaa haukumwendea aliyeshika jembe. Ulimwendea aliyeshika kalenda.

Aristotle huyo huyo, katika kitabu chake juu ya siasa, alisema jambo jingine ambalo wanaopigia debe mashine hupenda kulirudia. Alisema kwamba lau kila chombo kingefanya kazi yake chenyewe, lau mtande ungejifuma wenyewe, basi bwana asingehitaji mtumwa. Kwake lilikuwa ni jambo lisilowezekana, kama kusema ng'ombe aruke. Na kwa hiyo akauona utumwa ni sawa.

Lakini hebu tazama. Mwaka 1901, katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, wapiga mbizi walitoa bonge la shaba iliyoliwa na kutu. Lilipochunguzwa, ndani yake zikaonekana gurudumu za meno zisizopungua 30, zilizopangwa ili mtu akizungusha mpini aone jua na mwezi vilivyo angani na siku za kupatwa kwake. Chombo hicho kina zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo Wagiriki walijua kutengeneza mtambo. Waliutumia kuiga anga. Hawakuutumia kumpumzisha mtumwa aliyekuwa akisaga nafaka au kuchimba fedha ardhini. Moja ya sababu ambazo wanahistoria huzitaja ni rahisi kuelewa: penye mtumwa wa bei rahisi, nani ahangaike kutafuta mashine?

Tokea hapo, ndugu msomaji, mambo haya mawili, nyota na mashine, yameendelea kutembea pamoja. Saa kubwa za kwanza za Ulaya, kama ile ya mji wa Prague iliyowekwa mwaka 1410, zilionyesha mwendo wa jua na mwezi pamoja na saa za mchana. Kisha saa ikashuka toka mnarani ikaingia langoni mwa kiwanda, na pale haikuulizwa tena jua liko wapi. Iliulizwa mfanyakazi kachelewa dakika ngapi.

Hata kompyuta ni mjukuu wa nyota. Katika karne ya 19 meli za Uingereza zilitegemea majedwali ya mahesabu ya anga ili nahodha ajue alipo baharini. Majedwali hayo yalipigwa na watu, kwa mkono, na makosa yalikuwa mengi. Mwaka 1821 Charles Babbage alikuwa akisahihisha majedwali ya namna hiyo pamoja na rafiki yake mnajimu John Herschel, akachoka, akatamani mahesabu yale yafanywe kwa mvuke. Kutokana na tamaa hiyo alianza kubuni mashine ya kuhesabu. Serikali ilimpa zaidi ya pauni 17,000, na mwaka 1842 ikakata tamaa. Lakini wazo halikufa. Neno la Kiingereza tunalolitumia kuita kompyuta, wakati huo lilikuwa ni jina la mtu, mwajiriwa wa kupiga mahesabu.

Je, mashine za karne hiyo zilimpumzisha mtu? Tuchukue mfano mmoja unaotuhusu. Mwaka 1793 Mmarekani Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Kazi ya mikono mingi ikafanywa na mashine moja. Mtu angedhani watumwa weusi wa Marekani wangepata nafuu. La hasha! Kwa kuwa sasa pamba ilichambuliwa haraka, mashamba yalipanuliwa, na waliotakiwa kulima na kuchuma wakawa wengi zaidi. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa kiasi cha 700,000. Mwaka 1860 walikuwa wanakaribia milioni 4. Pamba hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na baada ya Wamarekani kufanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, kitambaa chake kikamiminika Unguja na kupanda bara kwa misafara. Ndicho kile babu zetu walichokiita merikani. Kikafika hadi kwa mamangi wa Kilimanjaro, kikabadilishwa kwa pembe za ndovu na, haifai kuficha, kwa watu. Mashine moja ya kuokoa kazi ilikuwa imefunga mnyororo toka ng'ambo ya bahari hadi mlimani kwetu.

Hapa nyumbani tunao mfano wa mkonge. Mdachi Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge mwaka 1893. Jani la mkonge ni zito, na katika kila kilo 100 za majani nyuzi ni kama kilo 4 tu. Kuzikwangua kwa mkono ni mateso. Ikaja mashine, ile wafanyakazi walioiita korona, inayokwangua majani kwa maelfu kwa saa. Nayo, badala ya kupunguza watu, iliwaita. Kwa maana korona haipendi kukaa bure. Ikiwaka, lazima ilishwe, na anayeilisha ni mkata mkonge aliyeko shambani na kisu chake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000, wengi wao manamba waliotoka mbali, kila mmoja na kadi yake ya kipande iliyojazwa siku kwa siku hadi zitimie 30. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000.

Baadaye mashine nyingine, katika nchi nyingine, zikaanza kutengeneza kamba za plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka. Yakaongezeka na matatizo yetu wenyewe ya uendeshaji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mkata mkonge aliachishwa kazi na mashine ambayo hakuwahi hata kuiona. Hakuna aliyesema kwamba huyo sasa amekombolewa kutoka katika kazi. Alirudi kwao mikono mitupu.

Basi tuseme mashine ni adui? Nayo itakuwa kauli ya haraka. Muulize mama yeyote aliyetwanga kwa kinu au kusaga kwa jiwe, kisha mashine ya kusaga ikaja jirani. Hatakuambia anatamani kurudi kwenye jiwe. Muulize aliyechota maji mtoni, kisha bomba likaja. Lakini muulize pia swali la pili: ule muda uliookolewa, uliutumia kupumzika? Wengi watacheka. Muda ule ulikwenda kukata majani ya ng'ombe tambarare na kuyapandisha mlimani kwa kichwa, ulikwenda kwenye genge la ndizi, ulikwenda shambani. Mashine ilichukua kazi moja, na mahitaji ya nyumba yakaleta nyingine, kwa kuwa hakuna aliyekaa na kuamua kwamba saa hizo mbili sasa ni za mama.

Mwaka 1930 mchumi wa Kiingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba baada ya miaka 100, kwa jinsi mitambo inavyoendelea, watu wangeweza kufanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Mwaka wa 2030 umeshapiga hodi, na sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 bado inaruhusu saa 45. Utajiri alioutabiri Keynes umekuja duniani. Wasaa ndio haukuja. Na pale ulipokuja kidogo, haukuletwa na mashine. Saa 8 za kazi kwa siku ziliingizwa katika mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919 baada ya wafanyakazi wa nchi nyingi kugoma, kufukuzwa na kufungwa jela kwa miongo ya miaka. Mashine iliwezesha. Watu ndio waliodai.

Hapo ndipo napenda tuutazame mlima wetu wenyewe, kwa maana jibu ambalo wengine wanalitafuta vitabuni, sisi tunapita juu yake tukienda sokoni. Nazungumzia mfongo.

Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchaggani mwaka 1848, na Mwingereza Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884, mifereji hii ilikwishakuwako. Wachagga waliichimba kwa zana za mti, wakaitoa maji katika makorongo ya juu na kuyatembeza kilomita nyingi kwenye ubavu wa mlima, wakikadiria mteremko kwa jicho. Mteremko ukizidi, maji yanakula ukingo. Ukipungua, yanasimama. Na mfongo ukishakamilika, mshangao wake ni huu: unafanya kazi wenyewe. Hauna injini, haunywi mafuta, hausimamiwi na nyapara. Mkulima amelala, maji yanatembea. Kama mashine inayojiendesha ni ile inayofanya kazi mwenyewe akiwa hayupo, basi mashine ya namna hiyo ilikuwako Kilimanjaro kabla ya reli ya Tanga kufika Moshi mwaka 1911.

Lakini wazee hawakuishia kwenye kuchimba. Walijua kwamba maji yanayojiendesha yakiachwa bila utaratibu humwendea aliye juu, na aliye chini hubaki na mfereji mkavu. Kwa hiyo mfongo ulikuwa na mkuu wake, ulikuwa na kikao, na ulikuwa na zamu. Huyu asubuhi, yule jioni, wale kesho kutwa. Zamu hizo zilipimwa kwa jua. Ulipofika wakati wa kuzibua mfereji, wenye zamu wote walitoka kwa pamoja, na asiyetoka alitozwa faini au alinyimwa maji. Kwa majirani zetu Wapare, maji ya usiku yalikusanywa katika ndiva ili yagawiwe mchana. Teknolojia ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ni mapatano.

Nisieleweke vibaya kwamba nasema zamani ilikuwa peponi. Ukoo ulioanzisha mfongo ulikuwa na haki kuliko wengine, mangi alidai kazi ya bure kwa watu wake, na wanawake, ambao ndio waliobeba nusu ya kilimo, hawakuwa na sauti katika mambo ya mfongo. Ninachosema ni kwamba wazee wale waliuliza swali sahihi. Hawakuuliza tu maji yatafikaje. Waliuliza yakifika, ni ya nani, na kwa zamu gani.

Swali hilo likisahauliwa, hata mradi mzuri huyumba. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, tambarare ya chini ya mji wetu. Mifereji ilisakafiwa, mashamba yakasawazishwa, matrekta yakaja, mpunga ukastawi kuliko ilivyotarajiwa. Ulistawi hivi kwamba wakulima wa juu ya mradi, ambao hawakuwa ndani ya mpango, nao wakaanza kulima mpunga na kuyatumia maji yale yale. Waliokuwa chini, upande wa Chekereni, wakaanza kukosa maji katika mashamba yaliyojengwa kwa ajili yao. Saruji ilikuwa imara. Kilichokosekana ni zamu iliyowahusisha wote, wa ndani na wa nje.

Na leo? Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008. Foleni ya benki imepungua, na pale Soweto, kama ilivyo kila mtaa nchini, unamwona kijana au binti amekaa kwenye kibanda cha wakala toka asubuhi hadi usiku, akiishi kwa kamisheni. Kazi haikufutwa. Ilihama toka kwenye meza yenye mshahara, likizo na kiinua mgongo, ikaenda kwenye kibanda kisicho na chochote katika hivyo.

Hata akili mnemba, inayosemwa kwamba inajifunza yenyewe, ina mikono ya watu nyuma yake. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi machafu, ya kikatili na ya kuchukiza, na kuyawekea alama, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Sasa mtu wa California akiiuliza mashine hiyo swali na kupata jibu safi, anadhani limejiandika lenyewe, kama vile farao alivyodhani kalenda imeshuka toka mbinguni.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, kama kuna jambo historia hii inatufundisha, ni kwamba tumekuwa tukiuliza swali nusu. Tunauliza mashine itaweza nini. Itaweza mengi, hilo lisitusumbue. Nyota zilimwezesha kuhani wa Misri kujua siku ya mafuriko. Korona iliweza kukwangua mkonge. Mfongo uliweza kumwagilia usiku. Lakini kuhani alipumzika na mkulima hakupumzika, bwana shamba alipumzika na manamba hakupumzika, ilhali mwenye zamu ya mfongo alipata walau fungu lake. Tofauti haikuwa katika ujuzi wa chombo. Ilikuwa katika nani aliyekaa kwenye kikao cha kugawa.

Kwa hiyo serikali ikitutangazia mtambo mpya, mwajiri akituletea programu mpya, au kampuni ya nje ikija kutafuta vijana wetu wa kufundisha mashine zake, tusianze kwa kupiga vigelegele wala kwa kupiga mawe. Tuulize maswali matatu ya mlimani. Mfereji huu ni wa nani? Zamu imepangwaje, na nani aliyekuwapo ilipopangwa? Na yule ambaye mashine imemwambia akae, atakula nini akiwa amekaa? Vyama vya wafanyakazi viulize, vyama vya ushirika viulize, wabunge wetu waulize. Na safari hii akina mama wasiachwe nje ya kikao.

Kilimia kitaendelea kuzama na kuzuka, iwe tuna mashine au hatuna. Kinatuambia wakati wa kupanda. Kugawana mavuno ni kazi ambayo hakuna nyota wala mtambo utakaotufanyia.